Fundi Yoakimu Tluway Anaondoka, Bibi Harusi Anabaki

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi usiokatika, isipokuwa siku tatu za mwaka 2003 alipong'olewa jino, Fundi Mkuu na dereva wa Ushirika wetu wa Pembejeo Mlimani, Ndugu Yoakimu Tluway, anastaafu rasmi leo, tarehe 30 Juni 2025. Aliripoti kazini hapa Katesh tarehe 1 Julai 1991 akiwa na sanduku la spana, blanketi moja na barua ya utambulisho kutoka kwa katekista wa kijijini kwao. Spana bado anazo zote. Blanketi lilipotea Dongobesh mwaka 1998, siku aliyolala chini ya lori bovu kulinda magunia ya mbolea. Barua imo kwenye jalada lake, na jalada hilo tutalirudia kabla wageni waalikwa hamjaenda kunawa mikono.

Kanuni za wasifu zinataka tuseme alikozaliwa. Alizaliwa Maretadu, katika familia ya wakulima wa mahindi na maharage, na ufundi alijifunza kwenye mashine ya kusaga ya mjomba wake. Kanuni zinataka pia tutaje vyeo. Alianza kama Fundi Msaidizi, akapanda kuwa Fundi, hatimaye Fundi Mkuu. Kwa kuwa katika miaka yote hiyo fundi alikuwa yeye peke yake, ukuu huo aliutumia kujiamuru mwenyewe, na hakuna kumbukumbu kwamba aliwahi kujikaidi.

Waliofanya naye kazi wanaijua desturi yake moja iliyowachosha wengi. Fundi Yoakimu hafungui boneti kabla ya kusalimiana. Ukifika karakana na gari linalofuka moshi, atakuuliza habari za nyumbani, za mifugo na za mvua, ndipo aje kwenye gari lenyewe: lililala wapi, lilibeba nini, na nani aliligusa mara ya mwisho. Swali hilo la mwisho ndilo aliloliamini kuliko kipimo chochote. Alikuwa akisema magari hayaharibiki yenyewe kama yanavyosingiziwa.

Mwaka 2014 ushirika ulipata gari jipya la kwanza katika historia yake, pikapu nyeupe ya milango minne. Lilipokelewa kwa maturubai, kwaya, vigelegele na wali, mpaka wakulima wa Mogitu waliokuja kushuhudia wakaliita Bibi Harusi, na jina likaganda. Kama ilivyo kwa maharusi wengi, sherehe ilikuwa fupi na kazi ikawa ndefu. Kwa miaka kumi Bibi Harusi amebeba mbegu, mbolea, dawa ya viwavi, wajumbe wa bodi, majeneza manne, na mbuzi wa mtu fulani ambaye kitabu cha safari hakikumtaja. Katika miaka yote hiyo hakulala njiani hata mara moja. Aliyelitunza alikuwa Fundi Yoakimu, aliyejua sauti ya injini ile kuliko sauti za baadhi ya ndugu zake.

Sasa tunafika mwezi Juni mwaka jana, na hapa msomaji atuvumilie, maana mambo ya ofisi yana mzunguko wake. Mkaguzi wa hesabu aliandika kwamba mali za ushirika hazina alama za kudumu, kwa sababu vibandiko vya karatasi vilikuwa vinabanduka kwa vumbi na vingine vimeliwa na panya. Meneja wetu, Ndugu Felician, ni kiongozi asiyeacha hoja ya ukaguzi ilale na njaa. Aliagiza kila mali ipigwe namba isiyofutika kabla ya mwaka wa fedha kufungwa. Ikanunuliwa mihuri ya chuma, ile inayogongwa kwa nyundo, na mtunza stoo akakabidhiwa mihuri, nyundo, orodha na wiki mbili.

Lilikuwa zoezi la kihistoria. Mizani ilipigwa namba, toroli likapigwa namba, makabati, majembe, kufuli na funguo za kufuli. Birika la chai lilipigwa namba ubavuni, na kuanzia siku hiyo likawa linavuja kwenye tarakimu ya nne. Kwa wiki nzima watumishi walikunywa chai nusu kikombe na hakuna aliyethubutu kusema, maana birika lilikuwa limetimiza matakwa ya ukaguzi. Fundi Yoakimu alilichukua bila kuombwa, akaliziba kwa lehemu, akalirudisha mezani kabla ya saa kumi. Hakumuuliza mtu kitu.

Meneja akaongeza agizo la pili. Alikuwa amesikia kwamba katika ofisi fulani ya mbali mafundi walichomoa vifaa vya gari la umma na kuvibadilisha na vibovu. Basi Bibi Harusi naye apigwe namba, si kwenye bodi tu bali kwenye kila kifaa kinachochomoleka, kuanzia jeki mpaka betri mpaka vile vilivyojificha nyuma ya dashibodi. Kazi ilikamilika tarehe 29 Juni. Mtunza stoo akapewa cheti cha Mtumishi Bora wa Robo Mwaka, akapigwa picha.

Wiki ya pili ya Julai, Bibi Harusi akaanza kuzimika.

Alikuwa anazimika bila salamu. Katikati ya barabara ya Nangwa, injini ikiunguruma vizuri, ghafla kimya. Ukikaa dakika kumi anawaka kama hakuna kilichotokea. Fundi alibadilisha chujio za dizeli, akafuata nyaya moja baada ya nyingine, akasafisha ncha za betri. Kisha akauliza lile swali lake, mbele ya watu wote karakana, nani aliligusa gari hili mara ya mwisho. Mtunza stoo alikuwepo, akakumbuka ana magunia ya kuhesabu.

Ndani ya mwezi mmoja Fundi alikuwa ameupata ugonjwa. Aliiambia menejimenti kwamba ni kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini. Alieleza kwa lugha nyepesi: nyuma ya dashibodi kuna kisanduku cha bati ambacho hupokea habari kutoka kila upande wa injini, kisha huamua dizeli iingie kiasi gani na wakati gani. Kisanduku hicho kikichanganyikiwa, injini inakuwa nzima kabisa ila haijui la kufanya. Mjumbe mmoja alisema hali hiyo anaifahamu, lakini hakusema ameionea ofisi gani.

Menejimenti haikuridhika na jibu lililopatikana haraka kiasi hicho, na kwa mtu mmoja. Iliundwa Kamati ya Kuchunguza Chanzo cha Kuzimika kwa Gari, yenye wajumbe watano, ikakaa vikao saba. Meneja alifungua kila kikao kwa methali ileile, kikulacho ki nguoni mwako, akimtazama Fundi. Kikao cha tatu kilishutumu dizeli. Cha nne kilishutumu hewa ya mlimani. Cha tano kiliazimia gari liombewe, na kwa kuwa watumishi ni wa dini zote mbili, lilisomewa dua Ijumaa na kubarikiwa Jumapili. Jumatatu lilizimika mbele ya ofisi, hivyo hakuna upande ulioweza kuulaumu mwingine.

Wakati kamati ikiendelea, kazi nayo iliendelea, kwa sababu mkulima hangoji muhtasari. Fundi aligundua kwamba ukiipiga dashibodi kofi mahali fulani, upande wa abiria, Bibi Harusi anarudiwa na fahamu. Ikawa lazima kila safari awepo mpiga kofi. Meneja mwenyewe aliifanya kazi hiyo mara kadhaa, akiwa na tai shingoni, na wakulima wa Mogitu waliomwona akipita huku anacharaza dashibodi walidhani wamepunguziwa bei ya mbegu. Wengine walimpungia pole.

Tarehe 11 Desemba mvua zilikuwa zimeanza, na Maretadu walikuwa wanangoja mbegu. Gari lilipakiwa magunia thelathini. Kwenye kipande kibaya cha mwinuko likazima, na safari hii kofi halikufaa kitu, wala la kulia wala la kushoto. Wakulima walishuka na punda, wakapakia mbegu zao wenyewe, wakaondoka. Meneja alitembea nyuma ya punda wa mwisho, viatu mkononi. Punda hao hawakuwa na namba ya mali hata mmoja, na wote walifika.

Kesho yake asubuhi Ndugu Felician alimwamkia Fundi shikamoo kwa heshima zote, kisha akampa barua ya kujieleza.

Lazima hapa tuseme kilichokuwa hatarini, maana Fundi mwenyewe hakukisema. Kituo cha ufundi cha parokia, Nangwa, kilikuwa kimemwomba akistaafu aende akafundishe makenika. Ndiyo ndoto aliyokuwa akiiota tangu mikono yake ilipoanza kuuma kwa baridi. Kituo kilitaka kitu kimoja tu, barua ya mwajiri kwamba jalada lake ni safi. Na jalada lenye barua ya kujieleza si safi.

Mtu mwingine angejaza kurasa sita. Angetaja vikao saba, angetaja kwamba alisema ni kontrol boksi tangu Agosti. Fundi Yoakimu alijibu kwa mistari miwili: gari lilizimika likiwa mikononi mwake, na anaomba ruhusa ya kulitengeneza. Kamati ilifurahi kupata mtu aliyekiri. Alipewa siku thelathini. Zikipita, gari linafutwa na kuuzwa kama chuma chakavu, na yeye anafikishwa kwenye nidhamu.

Aliichomoa kontrol boksi, mkewe Genoveva akaifunga kwenye kanga, na Fundi akapanda nayo basi la Arusha akiwa ameipakata. Kule alimtafuta Bwana Halfani, muuza vipuri vya mtumba ambaye pia ana ujuzi wa kompyuta za magari. Halfani alimtolea visanduku vinavyofanana na kile kama mapacha. Fundi alivaa miwani, akalinganisha namba za kiwandani moja moja, akavikataa vyote, kwa sababu kisanduku cha injini nyingine kitaingia vizuri kwenye soketi yake kisha kiue kilichobaki. Alikaa siku tatu. Halfani alianza kumnunulia chai, halafu akaanza kumwamkia shikamoo mara mbili kwa siku, na siku ya tatu akapata kisanduku sahihi kwenye pikapu iliyopinduka.

Kilipofika Katesh, Fundi alikifunga, akarudisha betri, akawasha. Starta ilizunguka, injini ikakataa. Meneja alishusha pumzi ya mtu aliyeshinda. Fundi hakushtuka. Alieleza kwamba funguo za gari hili zina utambulisho ndani yake, na kisanduku kigeni hakizitambui, sawa na mbwa aliyehamia leo. Inabidi Halfani aje na mitambo yake, asome kumbukumbu iliyomo kwenye kisanduku cha zamani, aihamishie kwenye kipya.

Hapo ikajitokeza kanuni. Kanuni ya stoo inasema kifaa kibovu kikishabadilishwa kipondwe kwa nyundo siku hiyohiyo, mbele ya mashahidi watatu, kisije kikarudi mtaani. Mashahidi walikuwa wamefika na nyundo imeletwa. Fundi Yoakimu, ambaye kwa miaka thelathini na mitatu na ushee hakuwahi kupinga agizo, aliweka kisanduku cha zamani juu ya benchi la stoo, akakikalia.

Alikikalia tangu saa mbili asubuhi. Kila aliyeingia alimwamkia, naye akaitikia marahaba, akauliza habari za nyumbani, za mifugo na za mvua, bila kuinuka. Meneja alikuja mara tatu, na mara zote tatu ilimlazimu kuanza na shikamoo, na mtu aliyetanguliza shikamoo huwa inamwia vigumu kumalizia kwa kufoka. Saa tisa Halfani aliingia na begi lake. Fundi akainuka, akajinyoosha mgongo.

Kisanduku kilifunguliwa mbele ya mtunza stoo, kama kanuni inavyotaka. Halfani alihamisha kumbukumbu kwa muda usiozidi saa moja. Kisanduku kipya kikafungwa, ufunguo ukazungushwa, na Bibi Harusi akawaka mara moja, akatulia, akaunguruma kama siku ya maturubai. Watu walipiga makofi, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano makofi hayo hayakuwa ya matibabu.

Kwenye fomu ya matengenezo, penye neno chanzo, Fundi aliandika: mtikisiko wa barabara ya Maretadu. Kamati iliipokea sababu hiyo kwa furaha kuu, kwa kuwa barabara haina mwakilishi kwenye vikao. Barua kali ikaandikwa kwa wahusika wa barabara, na kwa mshangao wa kila mtu, wao wakasikia. Mwezi Februari greda lilipanda Maretadu na kuchonga kipande chote. Hata hivyo kamati, isije ikaonekana imekaa vikao saba bure, ilimpa Fundi Yoakimu onyo la maandishi kwa kuendesha gari kwenye barabara hiyo mbaya. Onyo hilo limo kwenye jalada. Ndiyo maana leo ana hafla, ana keki na ana blanketi jipya badala ya lile la Dongobesh, lakini barua ya Nangwa hana. Muhula unaanza tarehe 7 Julai.

Ndugu Meneja ameusoma wasifu huu na kutia sahihi kila ukurasa mpaka hapa. Ukurasa unaofuata haukupita kwake. Umeongezwa kwenye fotokopi asubuhi ya leo.

Mtunza stoo anayetajwa humu ni mimi, Hadiya Muksini. Nimeandika kwa nafsi ya tatu kwa kuwa kanuni za wasifu zinataka hivyo, na pia kwa kuwa naona haya.

Siku ile kisanduku kilipofunguliwa, nilikuwa nimesimama begani kwa Fundi. Mfuniko wake ulikuwa umebonyea penye tarakimu nane nilizozigonga kwa nyundo mwezi Juni. Ndani, chini ya tarakimu hizo hasa, lehemu ilikuwa imepasuka na vifaa viwili vimeachia. Halfani alifungua mdomo aseme kitu. Fundi aliniangalia. Alijua mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja, na anajua nyumbani kwetu nani ananitegemea. Akaniambia taratibu, "Hadiya, barabara ya Maretadu ni mbaya sana." Halafu akaomba kalamu.

Wala sikuanza kujua siku hiyo. Nilishuku tangu birika lilipovuja. Nilinyamaza kikao cha kwanza, nikanyamaza mpaka cha saba, nikanyamaza alipopewa barua, na nikatumia muda huo kuhesabu magunia ambayo hayakuongezeka wala kupungua. Mficha maradhi kilio humuumbua, nami nimechagua kuumbuka mwenyewe kabla ya kilio.

Alipoulizwa anataka zawadi gani ya kustaafu, Fundi aliomba ile kontrol boksi iliyokufa, akafundishie. Juzi nilikwenda nyumbani kwake kuchukua sahihi ya makabidhiano. Ilikuwa mezani, imefutwa vumbi, na pale nilipopiga namba palikuwa laini panang'aa. Ameisugua kwa tupa mpaka tarakimu zote nane zimeisha. Kwa mujibu wa waraka wetu wenyewe, kufuta namba ya mali ni kosa. Katika miaka thelathini na minne ndilo kosa pekee nililoliona. Nilimuuliza Mama Genoveva kwa nini ameifuta, akasema, "Alisema wanafunzi watauliza ni nani alipiga hapo."

Basi wakiuliza waambiwe. Aliyepiga hapo ni Hadiya, mtunza stoo, Mtumishi Bora wa Robo Mwaka, na cheti chake kipo juu ya meza ya Meneja pamoja na mihuri na nyundo. Barabara ya Maretadu haina hatia, ingawa kwa heshima yake tunaomba kazi ya greda isifutwe. Lile onyo ni langu. Naomba litolewe kwenye jalada la Fundi lihamishiwe kwenye langu leo hii, na barua ya Nangwa ichapwe kabla keki haijakatwa; mashine ya kuchapa ipo, karatasi nimezitoa stoo mwenyewe na nimezisainia.

Fundi Yoakimu, ahsante kwa lori, kwa birika na kwa miezi hii yote uliyonibebea mzigo wangu. Mungu akupe mikono yenye joto na wanafunzi wasikivu, na wewe na Mama Genoveva mkae kwa amani huko Nangwa. Wafundishe lile swali lako kabla hujawafundisha spana. Mimi ndiye niliyeligusa gari mara ya mwisho. Shikamoo.